Nilivuliwa

Mimi ndiye wakili wa upande wa pili,
yule mwenye jalada nene na viatu visivyo na vumbi.
Mtu akikatika kidole huko Sohar
simu yangu huita kabla damu haijakauka,
na swali la kampuni ya bima ni fupi:
"Kuna kosa lake?"

Msinitazame hivyo.
Nimemwona bwana mmoja wa mgongo uliovunjika
akipandisha mashine ya kufulia begani, ghorofa ya tatu, Al Khuwair,
huku akipiga mluzi.
Nimemtetea Mama Rayya wa halua, kule Barka,
wafanyakazi wanne, masufuria sita,
dai moja la uongo lingewalaza njaa wote watano.
Mwajiri naye ana haki ya kuuliza.
Hivyo nilisoma, na kwa hilo ninakula.

Leo ni Mwakio, mtu wa Taita.
Vidole vitatu vya mkono wa kulia
vilibaki kwenye rola ya kiwanda cha mabati.
Daktari ameviandika kwa asilimia;
jedwali lile nalijua
kama wengine wajuavyo bei ya nyanya.
Utetezi wangu ulikuwa mstari mmoja:
alivua glavu kwa hiari yake.

Hakimu akauliza. Mkalimani akauliza.
Mwakio akautazama mkono wake,
akajibu polepole, kama mtu anayehesabu chenji:
"Glavu nilivuliwa asubuhi, kabla ya zamu."

Mkalimani, Kiswahili alichokiokota kwenye duka la vipuri,
akalitupa jibu kwa Kiarabu cha harakaharaka:
"Anasema alivua asubuhi."
Karani akaandika.
Na mimi nikaona kesi imekwisha, nimeshinda,
nitawahi nyumbani kabla ya foleni ya Seeb.

Hakuna aliyejua kwamba nasikia.
Kwenye ofisi yetu Kiswahili ni kitu cha jikoni,
kitu cha bibi.

Bibi yangu, Ruwi, sinia la nguru mbele yake,
nami mtoto wa miaka sita nikijigamba:
"Bibi, samaki amekula!"
"Amekula nini? Nani alimpakulia? *Ameliwa*."
Nikasema basi babu alikwenda sokoni, samaki amevua.
Akacheka hadi mtandio ukamwanguka.
"Samaki havui, we mtoto.
Samaki huvuliwa."

Herufi tatu.
Nilinyamaza, sitawaficha,
nilinyamaza mpaka karani akageuza ukurasa,
mpaka Mwakio akaanza kuketi.
Nikahesabu: mkataba wa mwaka na kampuni,
ada ya shule ya Muhannad,
kiyoyozi cha mahakama kikivuma kama mtu anayetaka kusema.

Kisha nikajikuta nimesimama.
Sikuomba ruhusa kwa Kiarabu.
"Mwakio," nikasema, "nani alikuvua?"

Alinigeukia
kama abiria aliyesikia jina la kijiji chake
kwenye uwanja wa ndege wa watu.
"Kumbe unasikia," akasema.
Halafu: "Msimamizi. Alisema zinakawiza mkanda.
Alizitia mfukoni mwake. Sote tulivuliwa, zamu nzima."

Hakimu aligonga meza, akanikemea, na haki alikuwa nayo.
Mkalimani akawa anakunja karatasi isiyo na kitu.
Kesi ikaahirishwa, mashahidi wa zamu waitwe.

Saham, Khaburah, Suwaiq:
simu iliita njia nzima.
Nilipoipokea, bwana Oommen wa idara ya madai
hakupaza sauti, hiyo ndiyo ilinitisha.
"Wakili Zuwena, wewe ni wa nani?"

Nilikuwa na jibu zuri, la kitabuni,
juu ya wajibu kwa mahakama. Likanikwama.
Nikamwambia tu alipe mapema,
kabla zamu nzima haijafika kizimbani; itamgharimu kidogo zaidi.
Akanyamaza. Akasema atafikiria.

Labda jalada la kesho bado ni langu.
Nizwa, ngazi ya jengo jipya.
Mtu alianguka,
au aliangushwa;
karatasi hazijasema.