Kondoo Hawajui Rangi

Bloku la Triumph lilipasuka Januari,
usiku ule maji yalipoganda hata ndani ya birika.
Kosa ni langu: sikuyatoa.
Ufa mwembamba kama unywele
ulianzia mtungi wa tatu, ukashuka
taratibu, kama mtu anayejua njia ya kwao.

Ikabaki bodi. Nyekundu, ya mwaka sitini na tatu,
milango miwili, paa la turubai,
gari zuri lisilokwenda popote
huku kwetu Tregaron, ambako hata uzuri
huulizwa kwanza: unabeba nini?

Na ghalani, chini ya magunia,
Ferguson ya babu, ya kijivu, ya hamsini na moja.
Trekta. Mitungi minne.
Fundi Caradog aliniapia kuwa ni ndugu:
"Tumbo lilelile, binti.
Mmoja wakampa jembe, mwingine wakampa tai."

Jungu kuu, nikasema, halikosi ukoko.
Kaka yangu Ithel hakucheka.
"Utamtoa ng'ombe utumbo
ili umshibishe paka?"
Akaubamiza mlango wa ghala
hadi vumbi la nyasi likatushukia sote,
mimi, Caradog, na winchi ya kuazima.

Ya kale ni dhahabu, husema wale
ambao hawajawahi kufungua nati ya kale.
Siku nne. Mafuta ya kupenyeza, tochi ya gesi,
matusi ya Kiwelisi ambayo bibi alidhani siyajui.
Bolti moja ilikatika shingo.
Nyingine ilitoka laini, bila ubishi,
nyuzi zake zikimetameta grisi,
na nikaujua mkono ulioifunga mara ya mwisho,
ule uliopungua ncha ya kidole cha shahada.
Nikaiweka mfukoni. Bado ninayo.

Wakikwambia injini ni moyo, usiwaamini.
Moyo hauna namba ya kiwandani.
Moyo hauning'inii kwenye mnyororo, ukizunguka polepole,
ukidondosha oili nyeusi juu ya kiatu cha Caradog
naye akisema, "Shusha. Shusha. Simama!
Nimesema simama!"
Tuliivua sampu yake ya chuma kizito,
tukaivika ile nyepesi ya Triumph,
tukaipa kabureta mbili
badala ya ile moja iliyokuwa ikipika uji.

Machi, mvua ya rasharasha, nikabonyeza stata.
Kimya.
Nikabonyeza tena.
Haikunguruma. Iliguna,
kama mzee aliyeamshwa kabla ya chai,
kisha ikashika kazi.

Gia ya pili, kona ya kanisa, sikuwa na haraka.
Kushoto, shamba la chini,
kondoo mia na arobaini wakainua vichwa.
Misimu miwili sasa wamelishwa na trekta ya Ithel,
ya buluu, yenye redio.
Lakini wakaja. Wazee mbele,
wadogo wakifuata mkumbo,
matumbo ya mimba yakiyumba, matope yakiruka,
wakajipanga usoni pa uzio, pua zikitoa mvuke,
wakilitazama gari jekundu
kama watazamavyo chakula kilichochelewa.

Ithel alikuwa getini na ndoo yake.
Akawatazama wao. Akanitazama mimi,
skafu shingoni, miwani, mikono miwili kwenye usukani.
"Haya," akasema. "Utawapa nini?"

Nikafungua buti:
spana, kamba, gasketi ya akiba.

Injini iliendelea kuguna.
Hakuna kondoo aliyeondoka.

Ithel akaweka ndoo chini, akaenda ghalani,
akarudi na robota la nyasi begani.
Akaliketisha kiti cha abiria, juu ya ngozi mpya
niliyoshona kwa majira mawili ya baridi,
akalifunga mkanda, akaujaribu kwa kuuvuta,
na bila kuniangalia
akatangulia kwa miguu kufungua geti.