Farasi, Si Askari

Kazi yangu ilikuwa fimbo.
Fimbo ndefu yenye ndoano ya shaba,
na ubao wa sataranji mpana kama mlango wa ghala
uliotundikwa ukutani, Hoteli ya Belcombe, Scarborough.
Wachezaji wakisogeza kete mezani, mimi nasogeza juu,
ili watu wa viti vya nyuma waone nani anakufa.

Januari ya hamsini na mbili alishuka garimoshi
Gaspard Thévenet, mwalimu wa hesabu kutoka Roubaix,
koti la kuazima, mikono yake imemeza vidole,
Kiingereza chake maneno manne:
tafadhali, asante, chai, sare.
Hilo la nne hakulipenda.

Siku ya tatu akaitoa ngome yake bure
mbele ya bingwa wa Yorkshire.
Nilidhani nimeona vibaya; fimbo ikasita hewani.
Hatua kumi na moja baadaye
shaha wa bingwa amebanwa pembeni,
hana pa kupumulia.
Gazeti likamwandika "Tavenay".
Alilikata vilevile, akalitia ndani ya kofia.

Halafu hamsini na nane.
Duru ya mwisho, saa tano usiku, mchezo ukaahirishwa.
Kanuni ilikuwa hivi: andika hatua yako ijayo,
ifunge bahashani, mkabidhi mwamuzi, nenda kalale.
Akaandika. Akalamba gundi.
Hakulala. Nilimwona ufukweni, upepo wa kaskazini ukimchapa,
ubao hana, kete hana,
midomo tu inahesabu.
Asubuhi akanishika mkono, macho mekundu:
"Saa tisa nimeiona. Farasi! Farasi, si askari!"
Lakini bahasha haina sikio.
Mwamuzi akaipasua, akasoma: askari.
Nikainua fimbo nikamsogeza askari yule,
nikijua, naye akijua,
na viti vya nyuma vikapiga makofi.

Nusu pointi. Nafasi ya pili.

Alirudi kila Januari, miaka kumi na tisa.
Wa tano. Wa saba. Wa saba tena. Wa tisa.
Shule ilimkata mshahara kwa kila siku aliyokosa.
Mkewe, Odile, alimshonea koti la kumtosha,
nalo likachakaa,
akaanza kuja na koti la mwanawe.
Walisema nyota yake imezima.
Sijui nyota. Najua alifika mapema kuliko wote
na kunisaidia kupangusa vumbi kwenye kete.

Mara ya mwisho alishindwa na msichana wa miaka kumi na miwili,
Janine Hebblethwaite, wa Leeds, meno ya mbele yamepishana.
Akamlaza shaha wake taratibu, kama mtu anayelaza mtoto,
akamwuliza: "Nilipotea wapi?"
Binti akamwonyesha. Akatikisa kichwa, akashukuru.

Ukumbi ulipokwisha watu, akaniomba fimbo.
Mikono ikitetemeka, akaipanga ile ya hamsini na nane,
kete kwa kete, bila karatasi.
Kisha akamrusha farasi.
Tukaketi viti vya nyuma, tukautazama ukuta.
Radiata zilikuwa zinagonga. Bahari haikusikika.
"Mpaka leo," akasema, "sijui kama ilikuwa inashinda."
Akatazama saa. Garimoshi lake la saa moja na robo.
Akanirudishia fimbo,
nami sikuwa na moyo wa kuufuta ubao ule
mpaka Jumatatu.