Iite Mara Ngapi

Saa tatu asubuhi, Kirumba, ghorofa ya pili.
Harufu ya dagaa imepanda ngazi kutoka Mwaloni
bila hodi, bila ekstensheni,
ikamfikia kila mtu mezani kwake moja kwa moja.
Mimi nimekuja na bisibisi, kitabu cha maelekezo kisicho na jalada,
na nywila ya kiwandani: sifuri nne.
Hawajawahi kuibadili.
Miaka saba yote, mpita njia yeyote angeweza kuingia
akaifanya ofisi nzima bubu.

Swali langu ni moja, nalipitisha meza kwa meza:
simu iite mara ngapi kabla sanduku la sauti halijapokea?

"Sita," anasema Nyanjige wa mapokezi,
"nikiwa chooni si lazima ninawe?"
Stoo wanataka kumi. Stoo ni ndefu, na Magoma ana goti.
Mkurugenzi hainui kichwa:
"Kwangu isiite. Kawake tu kataa kekundu, nitakaona."
Kataa. Nimeandika neno hilo kwenye daftari
nikalitazama kidogo, nikaendelea.

Mhasibu Kasuka anafunga mlango kwanza.
"Moja," ananiambia. "Iite moja, iende kwenye sanduku.
Na sanduku liwe limejaa."
Hakuna kitufe cha kujaa, namjibu.
"Basi lipunguze."
Na kweli linapungua: dakika sitini, thelathini, tano,
ila mashine inagoma hapo, inasema kuna ujumbe ndani,
arobaini na mmoja,
haujasikilizwa hata mmoja.

Kasuka ametoka kunywa chai.
Nimeweka mkono wa simu sikioni.

*Shikamoo mhasibu, ni mimi tena, Nabuzoka wa Ukara,
ule mzigo wa mwezi wa nne, kilo mia mbili na kumi.*
*Haloo? Haloo? Huyu dada anaongea tu, hasikilizi.*
*Mhasibu, mwangaluka. Mtoto amerudishwa shule.*
*Ni Nabuzoka. Kama ni zile kilo kumi zina ubishi, ziacheni, nipeni za mia mbili.*
Mmoja hakusema kitu. Injini ya mtumbwi, maji, jogoo,
dakika nzima ya vocha yake
akisubiri upande huu mtu apumue.
*Nabuzoka hapa. Basi nipeni hata nusu.*

Mama yangu, Nansio, hunipigia mlio mmoja akakata.
Mmoja maana yake nimeamka salama.
Miwili, nipigie.
Mitatu hajawahi, na sitaki kuijua.
Kwa mpango huu wa Kasuka
mama angeamka kila siku ndani ya sanduku,
dada wa mashine akimwambia baada ya mlio acha ujumbe,
naye, kwa adabu yake, angemwitikia.

Kwa hiyo nimefanya kama nilivyoagizwa.
Iite mara moja: inaita mara moja.
Iende kwenye sanduku: inakwenda.
Sanduku la nani, hakunitajia.
Na ule arobaini na mmoja sikuufuta,
kuna amri ya kuuhamisha, ukurasa wa themanini na tatu,
nyota, tano, nyota, halafu namba ya chumba cha mwisho kule koridoni.

Nilikuwa nakunja waya mkurugenzi aliponiita.
"Fundi. Mbona haka kataa kanakataa kuzima?"
Nikamwambia kana watu ndani, bosi.
Akakabonyeza kwa kidole kimoja, kama mtu anayejaribu pasi,
na spika ilikuwa wazi.
*Shikamoo mhasibu, ni mimi tena.*

Sikungoja. Mapokezi nikaandika ankara, elfu sitini,
nauli sikuweka.
Nyanjige akaigonga muhuri, akaipulizia wino ukauke.
"Nenda tu," akasema, "mhasibu atakupigia."