Kopo la Chumvi

Jumapili tatu mfululizo mvua ilitufungia ndani,
nguo zikanuka unyevu, watoto wakachorana kwa kalamu,
na nyanya yetu Bi Mwanakheri kila asubuhi akifungua dirisha
kuiuliza mbingu kwa sauti ya mtu anayedai deni:
"Je, bado?"

Leo mbingu imelipa.
Yamebaki madimbwi tu barabarani,
mwarobaini wa kwa Shekue umetoa majani mapya
ya kijani kile kinachotaka kuliwa,
na kabla jua halijafika bati la jirani
sufuria ya mbaazi imeshavishwa blanketi
kama mtoto anayepelekwa kliniki.

Tuktuk mbili. Ya kwanza watu, ya pili chakula,
na Twaha juu ya chakula, maana ndiye mwepesi
(ndivyo tulivyodhani, mpaka tulipoziona kaimati).

Laitihausi imejaa. Nyasi zimefika vifundoni.
Mghoi amekuja na kimanga kwenye beseni,
Kadzo na maembe mabichi, kisu amekisahau.
Meli ya makontena inapita mlango wa bandari,
karibu hivi, hata Rukia anayahesabu masanduku kwa kidole,
anapotelea kwenye thelathini, anaanza upya.

Tukafunua. Mvuke wa nazi, mahamri,
mayai ya kuchemsha ishirini na manne.
Halafu ule ukimya.

Sasa mjue: mbaazi zetu hupikwa bila chumvi
tangu Babu alipopimwa presha.
Kila mtu hujinyunyizia kwenye sahani yake,
na Babu hutazama kando
kama mtu anayepishana njiani na mtalaka wake.

"Chumvi i wapi?"
"Si nilikupa wewe?"
"Mimi? Mimi nilibeba kawa."
Swali likazunguka, likarudi,
likakaa katikati ya mkeka kama mgeni.

Babu akamega hamri, akachovya, akatafuna taratibu.
"Karibuni," akasema. "Karibuni kwangu.
Mwaka wa nne huu nakaa huku peke yangu."

Tulicheka hadi Mghoi akapaliwa.
Lakini yai halichekeki kwa muda mrefu.
Nikatumwa mimi, kwa kuwa sina haya,
mkeka wa pili, kwa watu wa Changamwe:
baba, mama, vijana wanne warefu,
samaki wa kukaanga wamelala juu ya gazeti
na ugali bado unatoa jasho ndani ya nailoni.

Chumvi walikuwa nayo, kopo zima la maziwa ya unga.
Mama akaniangalia mikono, akaniuliza kama anayenong'ona:
"Nyinyi hamna ndimu?
Zangu ziko mezani nyumbani. Naziona kabisa."

Nikarudi na kopo, nikaenda na ndimu sita,
nikarudi na samaki, nikaenda na mbaazi,
mpaka Bi Mwanakheri akachoka kunitazama.
Akavuta pindo la mkeka wetu,
yule mama akavuta la wao,
ukabaki upenyo wa nyasi wa shubiri moja.
Watoto wakaukalia huo.

Wakati wote wanabishana mfupa gani wa changu ni mtamu,
nilimwona Babu akitia kidole koponi,
kimoja tu, ncha tu, akalamba,
akafumba macho.
Bi Mwanakheri alimwona pia.
Akageuza uso baharini.
"Rukia," akasema, "meli ile ilikuwa na masanduku mangapi?"

Jioni tulipofungua kikapu nyumbani
kopo lilikuwa ndani, limejificha chini ya kawa.
Jina la yule mama sikuuliza.
Mumewe alimwita Mama Odera, basi.
Jumapili ijayo, mvua ikiridhia, tutalirudisha.
Ndimu nimeshanunua.