Makomeo Mawili

Hakumng'ata. Naanzia hapo,
maana wifi yangu Zuwena keshaitangazia Mabela nzima
kwamba kamng'ata.
Alinguruma tu, chini kwa chini,
kama kiyoyozi kikongwe kinachotaka kuzima,
na mdomo ukapanda ukaacha meno wazi,
na mkono wa Naufal tayari umo sahanini mwa mbwa,
umeshika shingo ya kuku.

Naufal ana miaka mitatu. Sahmu ana tisa,
saluki wa marehemu baba mkwe,
aliyeletwa kwa pikapu kutoka Sinaw wiki ya matanga,
miguu mirefu kama deni.

Mundhir alivua kiatu.
Akampiga puani, akamwambia nyamaza.
Mbwa akanyamaza.
Na mimi, mjinga, nikashusha pumzi.

Daktari wa wanyama, Msudani mmoja pale Ghala,
alimpanua kinywa kwa vidole viwili:
"Jino hili limeoza mpaka mzizi. Kila akila anaumia."
Kisha akamgeukia mume wangu, sauti ile ile:
"Usimpige kwa kunguruma.
Kunguruma ni hodi.
Ukimnyang'anya sauti, atabaki na meno."

Njia nzima ya kurudi hatukusema kitu.

Fundi akatuwekea geti baina ya ua na jiko,
komeo juu, komeo chini.
Sahmu anakula peke yake, kivulini mwa tangi.
Wawili hao hawaachwi bila mtu mzima,
hata kengele ikilia,
hata wali ukiungua. Na umeungua.
Nimejifunza kumsoma mbwa
nilivyojifunza juzuu, herufi kwa herufi:
sikio likilala nyuma,
mkia ukikauka,
weupe wa jicho,
miayo ya asiye na usingizi.
Naufal naye namsomesha:
akila, mwache. Akilala, mwache. Akiondoka, usimfuate.
"Na mimi nikila," anasema, "niache."

Zuwena anataka akatupwe wadini.
"Mchezea mbwa humfuata msikitini," ananiambia,
huku anakula wali wangu ulioungua.

Usiku mmoja niliamka kunywa maji,
nikamkuta Mundhir kachutama uani gizani,
anamwomba mbwa radhi
kwa Kiarabu cha baba yake,
kwa sauti ambayo mimi
sijawahi kuombewa.
Nikarudi kitandani na kiu yangu.

Jino limeng'olewa. Watu wanauliza: kapona?
Fizi imepona. Mbwa, sijui.
Jana Naufal alipenyeza vidole getini.
Sahmu akaja, akanusa, akanguruma kidogo.
Mtoto akarudisha mkono, akaja kwangu mbio:
"Mama, kabisha hodi!
Sijamwambia karibu."

Nikamshukuru mbwa, kwa jina lake.
Nikalijaribu komeo la chini.
Nikalijaribu la juu.