Imefungwa

Tampere, saa nane usiku, theluji ya Machi dirishani.
Riikka anaandika: tarehe inaruka siku moja.
Kisanduku cha utafutaji kinamletea majibu elfu tatu,
la kwanza linamuuzia leseni.

Anafuta "inaruka", anajaribu "inapotea".
Mwongozo huu hapa, wa toleo la tisa;
yeye bado yuko la sita.
Mtafutaji hachoki, akichoka keshapata:
aliyesema hayo hakuwahi kutafuta hapa.

Ukurasa wa kumi na moja, ripoti ya mistari miwili:
tarehe inaruka, usiku wa kusogeza saa mbele.
Imefungwa. Tulipojaribu, haikurudi.
Mwandishi ni Veli-Matti Ojala,
aliyekalia kiti hiki kabla yake,
kikombe chake kingali kabatini,
kimevunjika mkono.

Riikka anaifungua upya.
Chini anaandika neno moja:
Imerudi.