Magunia Tisini na Sita

Stima ikipotea Kibuye
kinu hukohoa mara mbili, kikanyamaza,
na unga uliokuwa hewani ukaanza kushuka
juu ya kope zetu, juu ya mizani, juu ya daftari.
Ndipo Rukaiya binti Jiwaji aliponiambia kila mara:
"Opondo, zima swichi, isije ikarudi na hasira.
Jana tulifika wapi?"

Jana tulimwacha Razia kwenye msikiti wa Delhi,
Ijumaa, karibu miaka mia nane nyuma,
amevaa nguo nyekundu, vazi la aliyedhulumiwa,
akiwauliza watu wa mji:
baba yangu alimtaja nani?

Alimtaja yeye. Alisema wanawe wa kiume
watauza ujana wao kwa mvinyo.
Wakubwa walisikia, wakainamisha vilemba,
wakamzika mzee,
wakamtawaza kaka.
Waliomkalisha binti kitini
ni wachuuzi, wachota maji, watu kama nyar Seme
aliyekuwa bado kwenye foleni yetu
na madebe yake mawili ya mtama, akisema,
"Endelea, mama, mimi sina haraka."

Rukaiya akapuliza unga kwenye daftari.
Hakutaja kaka zake wa Nakuru, wenye duka la vipuri.
Hakusema mzee Jiwaji aliandika kinu kwa jina la nani.
Alisema tu: "Razia akapiga sarafu,"
akafungua droo, akatoa muhuri mpya wa mpira,
akaugonga kwenye risiti ya nyar Seme
kwa nguvu, hadi meza ikalia.

Akavua shela, Razia.
Akavaa joho na kofia, akapanda tembo uso wazi,
atakaye na atazame.
Na mazizi ya farasi akampa Yakuti, Mhabeshi.
"Mweusi?"
"Mweusi."
"Wa upande gani?"
"Upande wenu huu, ukipanda juu kidogo."
Nikacheka. Nilipaka mkanda wa mota grisi,
nikawaza: basi huyu ndiye farasi wangu.
Kosa la Yakuti, wanasimulia,
ni kumshika malkia chini ya kwapa
akimpandisha juu ya tandiko.
Wengine wanasema hata hilo hakulifanya.

Lori la Kitale likaingia alfajiri.
Dereva yule alihesabu kwa kuruka,
kwa hiyo Rukaiya akataka kuhesabu mwenyewe.
Niliinama. Akavua kiatu,
akakanyaga bega langu, akapanda.
Ng'ambo ya barabara Pijo nyeupe ilikuwa imesimama,
na mtu ndani yake akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.
Magunia yalikuwa tisini na sita, si mia.

Hawakuja na jeshi.
Walikuja na wakili, na shemeji, na boksi la halua.
Wakamwambia: dada, umechoka.
Wakaniambia mimi: wewe, kesho usije.

Hadithi alinimalizia getini, haraka, funguo mkononi.
Yakuti waliuawa naye kwanza.
Razia akafungwa ngomeni,
akaolewa na mfungaji wake, wakaikusanyia Delhi farasi,
wakashindwa, naye akafia njiani, akikimbia.
Miaka mitatu na ushei, basi.
Nikasema, mwisho huu siupendi.
Akasema, "Sikuuandika mimi, Opondo."

Siku hizi pale wanauza magodoro.
Mimi ni mzima, nina mbuzi, nina Nereah,
aliyeniuliza mara moja tu, akiepua sufuria:
"Mlikuwa mkizungumza nini gizani, ninyi wawili?"
Nikamjibu: "Farasi."
Akanitazama kwa muda. Ugali ukapoa.

Risiti ya lori lile ninayo, ndani ya bati la majani ya chai.
Wino umekuwa rangi ya kutu.
Ukiielekeza dirishani jina bado linasomeka,
na chini yake hesabu:
tisini na sita.
Niliyabeba yote.